Kinyama cha ini: seli za ini au mirija ya nyongo?

Swali: Shikamoo daktari. Nafanya kazi maabara hapa Dodoma. Tuna kinyama cha ini, yaani kipande kidogo kilichochukuliwa kupimwa, cha mama wa miaka 52. AFP ya damu (protini ambayo saratani ya seli za ini huweza kuipandisha) ni ya kawaida, na kwenye hadubini hatujui kama saratani ni ya seli za ini au ya mirija ya nyongo. Je, kupima jeni zinazofanya kazi kutatutoa hapa?

Jibu: Marahaba. AFP isikupotoshe, saratani nyingi za seli za ini haziipandishi. Na hata kama huyo mama amekula mahindi yenye sumukuvu miaka mingi, hiyo huongeza tu shaka ya saratani ya seli za ini, haitoi jibu.

Vinasaba vya seli ya ini na vya mrija wa nyongo ni vilevile. Kinachotofautiana ni jeni zilizowashwa. Jeni ikiwaka hutoa nakala za RNA, na hizo ndizo tunazopima. Seli ya ini huwasha albumini na ARG1, na ikigeuka saratani mara nyingi GPC3 hupanda. Mirija huwasha KRT7 na KRT19. Usiamue kwa jeni moja: saratani nyingi za mirija iliyo ndani ya ini nazo hutoa RNA ya albumini, na baadhi ya zile za seli za ini huwasha KRT19. KRT7 huwaka hata kwenye saratani ya titi iliyosambaa hadi kwenye ini, kwa hiyo ulizeni kama matiti yake yamepimwa.

Ninaloliogopa zaidi ni kinyama chenyewe. Ni chembamba kama uzi, na nusu yake huweza kuwa ini lisilo na saratani lililo kando ya uvimbe. Ukikisaga chote, albumini utakayoisoma ni ya ini hilo lisilo na saratani, nawe utaandika saratani ya seli za ini. Mtaalamu wa patholojia azungushie kalamu eneo la saratani kwenye slaidi, mkwangue hapo tu. Kinyama kikikawia kuingia formalini (dawa ya kukihifadhi) RNA huoza, na vipimo vyake havifai.

Lakini nakusihi, msianze na RNA. Pakeni kwanza rangi za kingamwili za arginesi 1 (protini ya ARG1), Hep Par 1 (alama ya seli za ini), CK7 na CK19 (protini za KRT7 na KRT19). Hizo huonyesha protini kwenye seli yenyewe, unaiona kwa macho. Mkikwama bado, bloku (kinyama kilichohifadhiwa kwenye nta) ipo kwa kupima RNA. Ila msiikate ovyo ikaisha.