Zimamoto: maswali yenu ya wiki hii

*Nina fremu ya nguo Kariakoo, zimamoto wamekuja kukagua wanataka hela. Si huduma ya bure hii?*

Dada, hapo unachanganya vitu viwili. Kuja kuzima moto au kumtoa mtu kwenye kisima ni bure, hulipi hata mia. Tozo ni ya ukaguzi wa eneo la biashara, unapewa kontroo namba (namba ya kulipia serikalini), unalipa, unapata cheti. Anayetaka keshi mkononi mwambie alete kontroo namba kwanza. Halafu ukishalipa usiwaache waondoke hivi hivi, wazungushe dukani, waonyeshe ile ekstensheni moja inayobeba feni, pasi na chaja za simu za jirani, uliza maswali mpaka wachoke, maana hela yako ishaenda. Soko Kuu la hapo hapo Kariakoo liliungua usiku wa Julai 10, 2021, sidhani kama kuna mfanyabiashara amesahau.

*Jikoni kunanuka gesi, niwashe taa nione inapovujia?*

Weee, usiguse swichi! Usiwashe, usizime, hata feni iache kama ilivyo, cheche ndogo tu inatosha. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa so inatulia chini sakafuni, wewe fungua mlango na madirisha, funga mtungi kama unafikika, toeni watoto, na simu ya zimamoto, 114, uipigie huko nje. Siku ya kawaida ukitaka kupima, paka povu la sabuni pale mpira unapoungana na regyuleta, ukiona mapovu yanavimba basi inavuja. Kuna mafundi wanapima kwa kiberiti, huyo mfukuze.

*Kwa nini gari la zimamoto linakuja halina maji?*

Hii lawama naisikia kila moto ukitokea. Mara nyingi linakuja na maji ila pampu ile inamwaga kwa kasi, tenki linakauka ndani ya dakika chache tu, hapo inabidi watafute kisima cha zimamoto cha karibu, yaani lile bomba la mtaani wanalojazia maji, na kisima chenyewe kina meza ya mtu juu yake au kimejengewa ukuta. Na sisi nao, moto unaanza watu wanarekodi video kwanza, 114 inapigwa paa lishashuka. Ukipiga taja mtaa na kitu kinachojulikana, msikiti, shule, kituo cha daladala, halafu tuma kijana asimame barabarani awaelekeze.

*Mafuta yakiwaka kwenye kikaango?*

Zima jiko, funika na mfuniko, usifunue mpaka yapoe. Maji hapana kabisa, moto utakurukia usoni.

*Wanaweza kuja kutufundisha mtaani?*

Wanakuja, mwenyekiti wenu aandike barua kituo cha zimamoto cha wilaya. Waombeni kila mtu ashike mtungi wa kuzimia mwenyewe: unavuta pini, unalenga chini kwenye kinachoungua, siyo kwenye miali, unabana huku unapeleka kulia kushoto. Na ule mtungi wa ofisi ya mtaa angalieni mshale wake, kama hauko kwenye kijani mjue ni pambo.