Mafunzo ya wahudumu yaanzie kwenye daftari la kila siku
Umeuliza wahudumu wa watu wenye ulemavu wa akili wafundishwe nini ili watu hao wasipewe dawa za kutuliza akili bila sababu, ilhali dawa anaandika daktari. Daktari huamua kwa taarifa anazoletewa kutoka kwenye daftari la wahudumu. Akisoma "alikuwa mkali", dozi hupanda. Akisoma kwamba mtu hujipiga shavu kila akimaliza kula, na hataki kutafuna upande ule, atamkagua meno. Maumivu, kufunga choo, kelele: hivyo vitafutwe kwanza kama chanzo cha ukali, hasa kwa asiyeweza kusema. Nchini England, mwaka 2015 ilikadiriwa kuwa watu wazima 30,000 hadi 35,000 wenye ulemavu wa akili walimeza dawa za kutuliza akili au za sonona kila siku bila ugonjwa unaozihitaji. Inauma sana. Wahudumu wajue pia madhara ya dawa hizo: usingizi, kunenepa, kutetemeka. Ila wasikatize dawa wenyewe. Hupunguzwa taratibu, daktari akisimamia.