Maswali ya wasomaji: mhusika akiingia kwenye gemu anaharibika

SWALI: Habari za kazi. Nina mhusika nimemtengeneza kwenye Blender (programu ya kuchora 3D), nimemwekea mifupa, anatembea, anakimbia, anaruka, yuko poa kabisa. Nikimtoa kwa FBX (aina ya faili la kuhamishia modeli za 3D) nikamwingiza Unity, injini ya kutengenezea gemu, nakuta mzunguko umeandikwa -90, skeli (ukubwa) 100, kodi yangu ikigusa tu mzunguko anaanguka kifudifudi, halafu animesheni inayokuja ni moja tu. Nikirekebisha ndani ya Unity inakaa, ila nikitoa faili upya yote yanarudi. Nakosea wapi?

JIBU: Pole ndugu, na swali lako ni zuri sana. Kwanza acha kumrekebisha ndani ya Unity, chanzo hakiko huko, kiko kwenye faili kabla halijatoka, ndo maana kila ukitoa upya linarudi vilevile.

Blender inahesabu Z kuwa ndo juu, Unity inahesabu Y, kwa hiyo njiani mhusika lazima azungushwe nyuzi 90 na hiyo -90 ndo alama iliyobaki. Ile 100 nayo ni vipimo tu, Blender inapima kwa mita, FBX kwa kawaida inapima kwa sentimita. Kwenye dirisha la kutoa FBX tafuta sehemu ya skeli uchague ile inayotumia vipimo vya FBX yenyewe, 100 itaondoka. Kuhusu mzunguko, mweke mhusika chini ya objekti tupu na kodi iguse hiyo objekti ya juu, modeli yenyewe usiiguse, hata -90 ikibaki haitakusumbua tena.

Ila kabla ya yote hayo bonyeza Ctrl na A kule Blender (amri ya Apply), kwenye meshi, yaani umbo la mwili, na kwenye mifupa, mpaka skeli isomeke 1 na mzunguko 0. Na hili naomba ulishike vizuri: lifanyike KABLA hujaanza kuanimeti. Ukibadili skeli ya mifupa wakati animesheni zipo tayari, mifupa inabadilika ukubwa lakini namba za kusogea zilizorekodiwa kwenye keyframe (fremu ulizoweka mkao mwenyewe) zinabaki zilezile za zamani, unashangaa nyonga inaruka mbali na mwili. Nimeona watu wanarudia kazi nzima kwa hili na inauma kweli, kuanimeti ni kazi ya jasho.

Animesheni zilizopotea: Blender haitunzi animesheni isiyotumika na kitu chochote, ukisevu ukafunga inafutika. Kila moja ibonyeze kile kitufe chenye picha ya ngao ndo itabaki. Halafu wakati wa kutoa weka tiki kwenye kisanduku cha animesheni zote, Unity utaziona kila moja kama klipu yake. IK yenyewe (mbinu ya kukunja mguu au mkono kwa kuvuta ncha yake) haihami, kinachohama ni mkao wa kila mfupa fremu kwa fremu, kwa hiyo usiondoe tiki ya kubeki animesheni, yaani kurekodi mikao hiyo. Ile ya kuongeza mifupa ya mwishoni iondoe, inakujazia mifupa isiyo na kazi.

Na bega likibonyea ndani ya gemu wakati Blender liko sawa, angalia uzito, yaani kiasi ambacho kila mfupa unavuta meshi. Kwa mipangilio ya kawaida Unity inakubali mifupa 4 kwa kila nukta ya meshi, inayozidi inatupwa, hivo punguza mwenyewe kule Blender uone matokeo mapema.

SWALI: Mimi natumia Godot, injini nyingine ya gemu, nitoe FBX au glTF (aina nyingine ya faili la 3D)?

JIBU: glTF bila kusita. Ni fomati ya wazi ya Khronos Group (muungano wa makampuni unaoweka viwango vya picha za kompyuta), toleo la 2.0 lilitoka 2017, sheria zake zinasema Y ni juu na kipimo ni mita, sawasawa na Godot, kwa hiyo ule usumbufu wa ndugu hapo juu wewe hautakupata. FBX ni mali ya kampuni ya Autodesk na inabaki na faida pale injini yako inapoizoea, kama Unity. Chagua .glb ili meshi, mifupa, animesheni na picha vikae kwenye faili moja. Rangi ulizotengeneza kwa nodi za Blender pekee (vile visanduku vinavyounganishwa kuunda rangi), mfano zile za madoa ya kubahatisha, hazipiti, zibeki ziwe picha kwanza ndo utoe.