Mitungi ndani ya gari la boksi: kwa vijana wanaoanza kuchomelea

Vijana wangu, juzi kwenye foleni ya Tazara, Dar, nimeona tena Hiace ya mafundi, vioo vimepandishwa, kiyoyozi kinapuliza, na nyuma mtungi wa oksijeni umelazwa juu ya wa asetilini, ile gesi ya kuchomelea. Regulata, vile vifaa vya kupunguza presha ya gesi, bado ziko juu ya mitungi. Dereva anavuta sigara. Nawapenda, lakini hili nimechoka kulisema kwa upole.

1. Kama kuna gari la wazi, panda hilo. Kirikuu ya kukodi ni nafuu kuliko mazishi. Kwenye gari la wazi gesi ikivuja inapeperushwa. Ndani ya boksi inakusubiri. Asetilini ikifika asilimia 2.5 tu ya hewa iliyomo inashika moto, na inaendelea kushika hata ikipita asilimia 70, kwa hiyo usijidanganye kwamba imevuja kidogo. Gesi ya kupikia ni nzito, inatuama sakafuni chini ya viti, na kushusha kioo hakuitoi. Argoni, gesi ya kukinga weld, haiwaki wala hainuki, ila inachukua nafasi ya hewa unayovuta.

2. Regulata inaondolewa kwenye mtungi kila safari, hata ya Vingunguti hadi Buguruni. Hapa nitakaa kidogo.

Tulikuwa na kazi ya mageti iliyolala. Jioni msimamizi akasema tusiondoe kitu kwenye mitungi, kesho alfajiri tunaendelea. Tukaingiza mitungi na mipira yake yote ndani ya gari, tukafunga milango, tukaenda kulala. Hakuna aliyepinga, wote tulikuwa hoi na wote tulijua kanuni. Koki ya asetilini ilikuwa imezungushwa kwa vidole tu, haikukazwa. Usiku kucha gesi ikapita kwenye mpira uliochakaa pale unapoingia kwenye kichomeo.

Asubuhi kijana wetu wa kusaidia alitangulia. Ile harufu inayofanana na kitunguu saumu alikuja kutueleza baadaye kwamba aliisikia kabla hajagusa mlango, akadhani ni ya mama ntilie wa jirani. Akavuta mlango wa pembeni. Taa ya ndani ikawaka, kama inavyowaka siku zote mlango ukifunguliwa. Cheche ya swichi ile ndogo ilitosha. Bati la juu lilivimba, milango ya nyuma ikang'oka, na yeye akaungua uso na mikono yote miwili. Alipona, lakini vidole vya mkono wa kulia havikunjiki vizuri tena, na leo hashiki kichomeo. Alikuwa na mkono mzuri kuliko wetu sote. Nikiona regulata juu ya mtungi ndani ya gari lililofungwa, vidole vile ndivyo ninavyoviona.

Kwa hiyo ukisikia harufu, usifungue kwa rimoti, usiwashe gari, usipige simu ukiwa hapo. Ondoa watu, simama mbali, omba msaada. Na mitungi hailali garini. Kazi ikiisha, inashuka.

3. Oksijeni mnaidharau kwa sababu yenyewe haiwaki. Ikijaa kwenye gari inaingia kwenye ovaroli na viti, na cheche moja inavigeuza kuwa mwenge. Grisi na mafuta visiikaribie koki yake kabisa, hata mikononi mwako.

4. Simamisha mtungi, ufunge kwa cheni au mkanda kwenye bodi, uvike kofia yake ya kukinga koki. Mtungi wa oksijeni uliojaa una presha ya bar 150 hadi 200, wakati tairi la Hiace halifiki hata 5. Koki ikikatika kwenye tuta, hiyo chuma inaruka, na haichagui abiria.

5. Mtungi mnaouita mtupu bado una kitu. Funga koki, kaza, uvike kofia.

6. Asetilini ikilazimika kulazwa ubavu njiani, ukifika isimamishe na uiache itulie, saa nzima au zaidi, ndipo ufungue. Ndani kuna asetoni, kimiminika kinachoishika gesi, na ukiharakisha itatoka pamoja na gesi.

7. Asetilini iliyopata moto au kuungua ubavu usiibebe popote, hata kama moto umezimwa. Inaweza kuendelea kuchemka kwa ndani na kupasuka saa kadhaa baadaye. Kaeni mbali, pigeni Zimamoto 114, na mkipokelewa semeni mapema kwamba ni asetilini.