Gitaa la Martin la marehemu babu: usilipake vanishi

Pole kwa msiba, ndugu yangu. Umeuliza umri na thamani ya gitaa la Martin (kampuni ya Marekani inayotengeneza magitaa) alilokuachia babu, na kama ulipake vanishi upya. Nakuomba sana usilipake, kwa sababu vanishi ya awali, hata ikiwa imepasukapasuka kama tope lililokauka, ni sehemu kubwa ya thamani yake. Legeza nyuzi, kisha mulika tochi ndani ya tundu: kwenye kipande cha mbao kinachoshika shingo utaona namba ya gitaa inayosaidia kujua mwaka lilipotengenezwa, kwani kiwanda kilianza kuzigonga namba hizo mwaka 1898. Ukiweza kupenyeza karatasi chini ya kibao kinachoshikilia nyuzi, gundi imeachia. Hiyo ni kazi ya fundi wa magitaa, wala si ya seremala.