Schopenhauer na Kisanskriti
Wapo wanaodhani Schopenhauer, mwanafalsafa Mjerumani, alizisoma Upanishadi, maandiko matakatifu ya dini ya Kihindu, kwa lugha yake ya asili, Kisanskriti. Hapana, hakuzisoma hivyo. Alisoma tafsiri ya Kilatini ya Mfaransa Anquetil-Duperron, iliyochapwa 1801–1802, na hiyo nayo ilitoka kwenye Kiajemi: Dara Shikoh, mwana wa Shah Jahan, mfalme wa Dola ya Mughal huko India, aliketi na mapandita (wanazuoni wa Kihindu) wa mji wa Banaras wakafasiri Upanishadi 50, kazi ikaisha 1657. Tazama jina la kitabu tu, "Oupnek'hat", ndiyo "Upanishad" iliyopita kwenye matamshi ya Kiajemi. Ila msiseme basi ni kazi ya ovyo. Anquetil alifuata Kiajemi neno kwa neno, mpaka Kilatini chake kinamtoa msomaji jasho. Tatizo ni kwamba humo matini yamechanganyika na ufafanuzi wa Shankara, mwanafalsafa wa kale wa Kihindu.