Dada wa Dallas, usisaini hiyo fomu ya kuhamia mtaala mpya

Usisaini. Swali lako sikulimaliza kulisoma kwa mara moja. Nimefika pale uliposema "mshauri wangu kaniambia ni fomu ya ukurasa mmoja tu, nikihama naokoa semista nzima", nikaweka simu chini nikaenda kunywa maji kwanza. Maneno hayohayo niliambiwa mimi, Minneapolis, mwaka 2018. Yamenila karibu dola 5,000 na mwaka mmoja na nusu.

Kwa wanaoingia kwenye uzi sasa hivi: dada anasoma ile digrii ya miaka miwili ya usaidizi wa kisheria kwenye chuo kimoja huko Dallas. Ana krediti 31 mkononi, yaani vipimo vya kozi alizokwisha kuzisoma. Chuo kimetangaza kuanzia Agosti masharti ya digrii yanabadilika, kuna kozi zinatoka na kuna zinazoingia, naye kaambiwa achague kubaki ya zamani au kuhamia mpya. Kauliza na mambo mengine, laptopu, Bongo itamfaa au la. Nitayafikia.

Mimi nilikuja kwa grinikadi, ile ya bahati nasibu, na kama kila mtu wetu wa Minnesota nikaanza na unesi. Ukienda ibada ya Kiswahili huku ukasema manesi wasimame, watakaobaki wamekaa ni watoto na mchungaji. Nikapiga krediti 16 za anatomia, kemia na ndugu zao, nikagundua damu na mimi haziivi, nikahamia usaidizi wa kisheria. Usiku nabeba boksi ghalani, mchana nasoma. Mpaka masika ya 2018 nilikuwa na krediti 36 za digrii yenyewe, nyingine 4 za sayansi kutoka kule kwenye unesi zikakubaliwa. Jumla 40. Digrii ni krediti 60. Nimebakiza 20, semista mbili za kwenda taratibu, Mei 2019 navaa joho.

Ndipo chuo kikabadilisha masharti.

Niseme ukweli, mtaala wenyewe haukuwa mbaya. Programu zilizoidhinishwa na Chama cha Mawakili wa Marekani, ABA, zinatakiwa ziwe na krediti 60, kati ya hizo zisipungue 18 za masomo ya jumla na 18 za sheria yenyewe, na ziwe na kamati ya ushauri ambayo ndani yake wamo mawakili na wasaidizi wa kisheria walioko kazini. Kamati ya chuo chetu ililalamika kwamba wahitimu wanafika ofisini hawajui kuwasilisha nyaraka mahakamani kwa mtandao, na uandishi wao wa kisheria ni wa kusikitisha. Kwa hiyo wakatoa kompyuta ya awali na uhasibu, wakaleta teknolojia ya ofisi ya sheria, uandishi wa kisheria wakaugawa sehemu mbili, na mafunzo kwa vitendo yakawa lazima. Mtu anayeanza upya, mtaala huo ni mzuri kuliko wa zamani. Mimi sikuwa naanza upya.

Nikaenda kwa mshauri wa masomo. Mama mmoja mchangamfu sana, mezani ana bakuli la kioo limejaa peremende. Akafungua kompyuta, akasema bahati yako, uhasibu na kompyuta hujavisoma bado, na mtaala mpya umeviondoa vyote viwili, kwa hiyo unaruka krediti 6. Akanisogezea fomu. Mistari minne: jina, namba ya mwanafunzi, mwaka wa katalogi unayotoka (katalogi ndicho kile kitabu cha chuo chenye masharti ya digrii), mwaka wa katalogi unayokwenda. Chini kabisa, kwa herufi za ukubwa wa chawa, kuna sentensi kwamba mwanafunzi anakubali masharti yote ya katalogi anayohamia. Nikasaini, nikachukua peremende mbili, nikaondoka napiga mluzi.

Peremende ghali kuliko zote duniani zile. Dola 2,500 kila moja.

Na kabla hujanicheka: semista iliyotangulia nilikuwa nimesoma Sheria ya Mikataba. Nikapata A. Wiki ya kwanza tu mwalimu alisema saini yako ndiyo neno lako, hukusoma ni shauri lako. Mwenye A ya mikataba kasaini mkataba bila kuusoma. Andikeni kwenye kaburi langu.

Sasa sikiliza kilichotokea, maana hapa ndipo wengi wanapigwa changa la macho. Katalogi haihamiwi nusu. Huchukui raha ya mpya ukabaki na usalama wa ya zamani. Ukihama, kila kozi uliyowahi kusoma inapimwa upya kwa masharti mapya. Yule mama aliangalia kozi zinazoondoka mbele yangu, hakuangalia zinazoondoka nyuma yangu. Kozi zangu nne, krediti 12, nilizokwisha kuzisoma na kuzifaulu, mtaala mpya hauzitaki. Moja ya hizo nne ni hiyo Mikataba! Wameiunganisha ndani ya kozi mpya ya sheria ya biashara, na yangu peke yake haitoshi kuifidia. Kisha kwenye Sheria ya Madhara, ile ya kudai fidia ukidhuriwa, nilikuwa na D. Mtaala wa zamani D inapita. Mpya, kozi yoyote ya sheria chini ya C unarudia. Hizo ni krediti 3 nyingine.

Piga hesabu. 40 toa 15, zimebaki 25. Yaani nimeingia ofisini kwa yule mama nadaiwa krediti 20, nimetoka nadaiwa 35, na mdomoni nina peremende.

Ungekuwa muda peke yake ningevumilia. Kilichonimaliza ni msaada wa ada. Nilikuwa nasomeshwa na Pell, ile fedha ya serikali unayoiomba kwa fomu iitwayo FAFSA. Fedha hiyo ina kanuni ambayo hakuna anayeitaja mpaka ikugonge: krediti zote ulizowahi kujaribu zisivuke asilimia 150 ya urefu wa digrii. Digrii ya krediti 60, ukomo wako ni 90. Na kujaribu maana yake kujaribu, hata kozi uliyoiacha katikati inahesabiwa. Chuoni kwetu hata zile za unesi zilihesabiwa. Mimi nilikuwa na 16 za unesi, 36 za sheria na 3 za kozi niliyowahi kuiacha. Hamsini na tano. Ongeza 35 ninazodaiwa.

Tisini kamili. Natembea juu ya kamba na sijui kama kuna kamba.

Semista ya kwanza ya mtaala mpya nikachukua kozi nne. Novemba ghalani msimu wa sikukuu ukaanza, zamu ikabadilishwa, nikashindwa kuhudhuria Uandishi wa Kisheria sehemu ya kwanza, nikaiacha. Krediti 3 tu. Januari natumiwa barua: kwa mahesabu, huwezi tena kumaliza ndani ya ukomo, msaada umesimama. Nikakata rufaa. Rufaa ipo, na ukiwa na ugonjwa au msiba wanasikiliza, mimi nikaandika kurasa mbili za Kiingereza cha mahakamani. Jibu likaja na mistari mitatu: kuhama katalogi kwa hiari yako si dharura. Krediti 26 zilizobaki nikazilipa mwenyewe, karibu dola 190 kila moja, vitabu mbali. Ndiyo hiyo 5,000 niliyoitaja. Kuna kipindi nilikuwa nabeba boksi siku sita ili siku ya saba nisome sheria za kuwalinda wafanyakazi wasibebeshwe boksi siku saba.

Na ratiba. Uandishi sehemu ya kwanza unafundishwa kipukutiko tu, ile semista ya kuishia Desemba, sehemu ya pili masika tu, ile ya kuanzia Januari, na mafunzo kwa vitendo huruhusiwi mpaka umalize zote mbili. Ukikosa treni moja unasubiri mwaka. Sehemu ya pili nikaisoma masika ya 2020, na mnajua kilichotokea masika ya 2020. Ofisi ya mawakili iliyokuwa inipokee ikafungwa kwa korona, nikaanza kutafuta nyingine. Nimemaliza Desemba 2020, mahafali nimeyaangalia kwenye laptopu nimevaa shati juu na pensi chini. Ningebaki katalogi ya zamani ningekuwa nimemaliza karibu mwaka mzima kabla ya korona.

Uhasibu niliouogopa? Mke wangu kausoma baadaye chuo hichohicho. Anasema ulikuwa rahisi.

Yule mshauri nilirudi kumtafuta. Kahama kazi. Aliyekaa kwenye kiti chake akafungua faili langu, hakuna hata mstari mmoja wa mazungumzo yetu, kuna fomu yangu tu na saini yangu tu. "Naona uliomba mwenyewe kuhama." Niliomba mwenyewe! Bakuli la peremende lilikuwa bado lipo, aisee. Sina ugomvi na washauri wote, wana wanafunzi mamia na hawalipwi vizuri, lakini mtu asiyelipa hata senti ukifeli asikuambie "ni fomu tu". Na kuna mzee mmoja kwenye kundi letu la WhatsApp aliyeniambia waajiri wanataka mtaala mpya, wa zamani hawautambui. Miaka yote hii kazini sijawahi kukutana na mwajiri aliyeniuliza nilisoma kwa katalogi ya mwaka gani. Mzee mwenyewe baadaye nikagundua ni dereva wa teksi, chuo amekipita kwa nje akishusha abiria.

Kwa hiyo dada, kesho fanya jambo moja. Mifumo mingi ya vyuo ina ripoti inayoonyesha umebakiza nini ili uhitimu. Mwambie mshauri akutolee ripoti mbili: ya katalogi yako ya sasa, na nyingine ya kana kwamba umeshahama. Mfumo unaweza, ni kubofya tu, asikuambie haiwezekani. Zichape kwenye karatasi. Ziweke mezani pamoja, chukua kalamu, pitia kozi moja moja, kila ambayo upande wa kushoto ina alama ya vema na kulia haina, izungushie. Jumlisha ulizozizungushia. Kisha uende dirisha la msaada wa ada na karatasi zote mbili, uulize: nikihama, krediti nilizojaribu pamoja na ninazodaiwa zinafika ngapi? Akikujibu kwa mdomo, mwambie akuandikie barua pepe. Nao ofisi ya msajili wakuandikie kwamba kozi zako hizi na hizi zitahesabika. Ripoti mbili, meza moja, kabla ya saini moja. Hizo krediti 31 zako zinaweza kuwa 31, zinaweza kuwa 19, na mimi na wewe na mshauri wako hakuna anayejua mpaka hizo karatasi zitoke.

Halafu kuna kitu umekitaja kwa kupita kama si kitu, kwamba unafikiria kuruka semista moja uende harusi ya mdogo wako Morogoro. Dada! Hapo nilishtuka kuliko kwenye fomu. Haki ya kubaki na katalogi ya zamani kwa kawaida inashikwa na kuendelea kusoma. Vyuo vingi ukikatisha kwa muda fulani unaporudi unahesabiwa kama mwanafunzi mpya, na mtaala unaokukuta ndio wako, hujasaini wala hujala peremende. Muda wenyewe kila chuo kina wake. Utafute kwenye katalogi yako, na ukienda harusini uende na ruhusa ya likizo iliyoandikwa. Au chukua hata kozi moja ya mtandaoni uisomee huko huko Morogoro, kama chuo kinaihesabu kuwa unaendelea. Uliza, upewe kwa maandishi. Najua najirudia.

Jamaa aliyejibu juu yangu kwamba idhini ya ABA haina maana: inategemea unakwenda wapi. ABA inaidhinisha programu, haimpi mtu leseni, hapo uko sahihi. Lakini California wana sheria yao inayotaka msaidizi wa kisheria awe na cheti cha programu iliyoidhinishwa na ABA, au cheti au digrii ya programu inayodai angalau krediti 24 za masomo ya sheria kutoka chuo kinachotambulika, au njia nyingine chache. Dada kasema ana kaka San Diego, California hiyohiyo. Basi na hilo aliangalie kwenye zile ripoti mbili, upande upi unampa krediti nyingi za sheria.

Bongo: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ila hiyo digrii ya miaka miwili haikupeleki Law School, ile shule ya kuwaandaa mawakili. Hapo ni LLB, shahada ya kwanza ya sheria, hakuna mkato. Na huku huku usikubali kuitwa wakili. Mimi niko kwenye ofisi ndogo ya uhamiaji St. Paul, najaza I-130, ile fomu ya kumwombea ndugu yako kuhamia Marekani, natafsiri viapo vya Kiswahili, na kila Jumapili kuna mtu ananivuta pembeni, "wakili, nisaidie kidogo". Ushauri wa kisheria siruhusiwi kutoa, nafanya kazi chini ya wakili mwenye leseni, basi. Namwambia aje ofisini Jumatatu, ananiona naringa.

Ripoti zikitoka zipige picha, ziba jina na namba yako ya mwanafunzi, uziweke hapa tuzungushie pamoja. Leo usiku niko macho. Swali la laptopu lilikuwa nini vile?